Mjenzi, Mvamizi na Mimi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku kubwa. Naandika nikiwa nimesimama, maana kukaa siwezi.

Mwalimu Lorna, anayeongoza kundi letu la kutazama wadudu (tuko tisa, wawili kati yetu huja kwa sababu ya chai), ametuma ujumbe. Jumamosi anakuja Dakta Nasike kutoka Nairobi, mtaalamu wa nyigu. Anatafuta mtu mmoja wa hapa Kisumu awe Mwangalizi wa Nyigu wa Ufuo. Atapewa lenzi ya kukuzia, daftari lenye jalada gumu, na kila nyigu atakayemthibitisha ataandikwa na jina lake kando. Jina lake! Kwenye kabati za makumbusho, miaka na miaka.

Nina miaka hamsini na nne. Kibanda changu cha fotokopi pale Kondele kimepitisha majina ya watu wasiohesabika: vyeti vya ndoa, vyeti vya shule, matangazo ya matanga. Jina langu halijawahi kuwa kwenye karatasi ambayo mtu mwingine angetaka nakala yake. Basi. Nafasi hii ni yangu.

Sharti ni moja. Mtu alete ushahidi kwamba nyigu wawili wanaofanana wanaishi wote wawili hapa ufuoni kwetu. Lorna amewapa majina ya nyumbani: Mjenzi na Mvamizi. Wote wembamba, kiuno kama uzi. Wote hawana kundi wala malkia, kila mama kivyake. Wote huwinda buibui. Humdunga akapooza, hafi, haozi, hatembei. Kisha humfungia kwenye chumba cha udongo pamoja na yai, ili mtoto akitoka akute chakula hakijaharibika. Friji isiyojua stima imepotea.

Tofauti ni hii. Mjenzi hujenga nyumba yake kwa tope, chumba baada ya chumba. Mvamizi hajengi. Humwacha mwenzake amalize, kisha huja na maji mdomoni, akalainisha ukuta, akatupa nje buibui wa mwenyewe, akaweka wake na kuziba tena. Kwa rangi, Mjenzi ni mweusi mwenye manjano miguuni, Mvamizi ni bluu iliyoiva. Lorna anasema hata mtoto wa darasa la nne atawatofautisha. Nimefurahi sana kusikia hivyo. Mimi nilifika kidato cha nne.

Nimemwambia Perez, mke wangu, kwamba ifikapo Jumamosi atakuwa mke wa Mwangalizi. Akauliza kama huyo Mwangalizi atarekebisha mlango wa choo.

Shida ni moja tu, nayo inaitwa Ndirangu. Ana duka la misumari na mabati mlango wa pili kutoka kwangu. Ni rafiki yangu. Pia ana kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto. Jioni alikuja kibandani akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama nimeona ujumbe. Nikasema ujumbe gani. Akasema hata yeye hajauona.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa kwanza: usimfuate nyigu, mwite.

Mjenzi anahitaji tope. Kwa hiyo alfajiri nilimwaga mitungi mitatu ya maji mbele ya boma, karibu na njia ya kuteremkia ufuoni, nikakoroga kwa jembe mpaka likawa tope laini, tope ambalo hata mimi ningejengea. Perez akatoka akauliza maji ya kufulia yako wapi. Nikamwonyesha.  Akasema Ayubu alipewa majipu, yeye alipewa mimi.

Saa nne wakaja. Mmoja. Wawili. Watano! Wanashuka polepole miguu ikining'inia, wanainamisha kichwa, mkia juu, wanatetemeka mwili mzima wakikwangua tope. Moyo wangu ulikuwa unatetemeka pamoja nao. Nikalala kifudifudi na daftari langu.

Hapo ndipo miwani iliponisaliti. Miwani yangu ni ile inayojitia giza yenyewe juani, zawadi ya mwanangu Calvince. Nikiivaa, kila nyigu ni mweusi. Nikiivua, hakuna nyigu. Nikajaribu kujifunika khanga ya Perez ili lenzi zirudi kuwa nyeupe. Zilirudi. Nyigu wakawa wameondoka. Nimeangalia sasa hivi nilichoandika daftarini: "Nyigu watano. Rangi: ndiyo."

Saa sita Ndirangu akapita. Anasema alikuwa anapita tu. Kutoka Kondele mpaka kwangu hakuna anayepita tu, na hakuna anayepita tu akiwa amefunga sponji magotini. Akapiga magoti kwenye tope langu bila kubisha hodi. Nikamwambia tope hili ni la kibinafsi. Akasema, "Mzee Dalmas, tope ni la Mungu," akaendelea kubofya. Kisha akanionyesha picha. Nywele za mguu wa nyigu zinahesabika. Nilimwambia imekaa giza kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Nimempata! Sijampata mimi hasa, lakini nimempata.

Habari ilitoka kwenye ugali wa mchana. Perez alisema, akikata tonge, kwamba Nyar Muhoroni analalamika juu ya nyigu waliojenga juu ya kitanda chake. Nyar Muhoroni ndiye Celestine, mke wa Calvince. Tunamwita hivyo kwa kuwa kwao ni Muhoroni, na Calvince mwenyewe huwa huko siku za kazi akiendesha trekta la miwa. Ana mimba ya miezi saba, mjukuu wetu wa kwanza. Nesi alimwagiza apumzike, basi hushinda amelala akitazama dari. Nikauliza kwa utulivu ni nyigu gani. Perez akasema ni nyigu wa nyigu.

Sasa tazama mtihani wangu. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si sheria ya serikali, ni kubwa kuliko hiyo. Hata nyumba ile ikishika moto nitaizima nikiwa nje. Kwa hiyo kiota bora kuliko vyote Kisumu kiko hatua ishirini kutoka mlango wangu, na ningekifikia kwa urahisi zaidi kama kingekuwa Kampala.

Lakini mtu wa mipango hashindwi. Perez alipompeleka Celestine kliniki, nilichukua kioo cha ukutani, nikakifunga kwenye mti wa ufagio wa utando, nikaenda dirishani kwa nje na kukiingiza taratibu. Nikaona kitanda. Nikaona kalenda. Nikaona miguu yangu mwenyewe, sijui kwa njia gani. Kisha nikakiona.

Ukubwa wa ngumi. Vyumba saba vya udongo wa kahawia vimepangwa kama mirija ya filimbi. Na chumba cha mwisho, ewe daftari langu, kina kiraka cha udongo mweupe! Mjenzi hatumii udongo mweupe. Lorna alisema weupe ndio alama ya Mvamizi. Mmoja alijenga, mwingine akaja akaziba. Ushahidi wa wote wawili kwenye tonge moja.

Nilikuwa bado nashangilia, mkono umo dirishani mpaka bega, Mama Terry jirani alipopita na beseni la samaki wa omena kichwani. Akasimama. Nikamsalimia. Akatazama ule mti, akatazama dirisha la mkaza mwanangu, akanitazama mimi. Akaniuliza, "Baba Calvince, unatafuta nini humo?" Nikasema nyigu. Akasema, "Mm." Ile "mm" ilifika sokoni kabla yake.

Jioni Perez aliniuliza kama aliyoyasikia ni kweli. Nilieleza nusu saa nzima, kwa michoro. Akasema ananiamini, kwa sababu hakuna mtu angetunga uongo wa kijinga namna hiyo. Kisha, Mungu ambariki, akaingia yeye na kisu cha jikoni akakibandua. Matundu yote yalikuwa wazi, wenyewe walishatoka. Amekiweka kwenye sahani ya bluu ndani ya kabati la vyombo. Nimeshakwenda kukitazama mara tisa. Mara ya nane nilinyata kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa shida.

Asubuhi nilifungua kibanda nikiimba. Ndirangu akaja. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza mpaka Jumamosi, na nilinyamaza mpaka saa mbili na robo. Nikamweleza yote: vyumba saba, kiraka cheupe, sahani ya bluu. Uso ulimshuka. Aliomba akione. Nikaona ni uungwana kumruhusu rafiki aone kilichomshinda. Tukafunga maduka, tukaja nyumbani.

Nikamketisha sebuleni. Nikafungua kabati kwa madaha, kama mtu anayefunua jiwe la msingi. Sahani ya bluu ipo. Juu yake vumbi kidogo la kahawia, na alama za vidole vilivyolowa mate.

Celestine alikuwa jikoni akichambua sukuma. Perez akamwuliza kwa upole. Akasema ndiyo, Mama, amekula.

Ndiyo. Amekula. Wanawake wetu wakiwa na mimba hutafuna odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa Kondele kwa mafungu. Na odowa ikikosekana, hakuna udongo unaosifiwa kama wa kiota cha nyigu. Perez mwenyewe alimaliza ukuta mzima alipombeba Calvince. Celestine alikuwa amekingoja kiota kile wiki tatu, akiwaonea haya wenyewe mpaka wahame. Alipokikuta kabatini kwenye sahani nzuri, alidhani mama mkwe wake amemwandalia. Alishukuru hata Mungu.

 Mtu hamgombezi mkaza mwana, sembuse aliyebeba mjukuu. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikasema, "Pole na kazi, mama. Kilikuwa kitamu?" Akajibu akitazama sukuma, "Kitamu, Baba. Ila kile kiraka cheupe kilikuwa na chumvichumvi."

Nyuma yangu Ndirangu alikuwa ameegemea ukuta, anatetemeka kama nyigu anayechota tope. Alipopata pumzi alisema nisikate tamaa, ushahidi bado upo, ila kuufikia itanibidi nisubiri miezi miwili.

Alikunywa chai vikombe viwili. Akaondoka akipiga mluzi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka na jibu. Na jibu lilikuwa rahisi hivi kwamba nilicheka peke yangu mpaka Perez akanigusa paji la uso.

Kiota kilikuwepo. Mimi nilikiona, Perez alikiona, Celestine alikionja. Kwa hiyo nikikitengeneza kingine kama kile, si uongo. Ni nakala. Mimi ni mtu wa fotokopi. Maisha yangu yote watu wameniletea kitu cha kweli wakaondoka na nakala, na ofisi zote zimeipokea.

Sikufungua kibanda. Nilichukua tope langu la Jumanne, nikalifinyanga juu ya kipande cha ubao. Matundu nikayatoboa kwa bomba la kalamu. Kwa kiraka cheupe nilikwenda Kondele kununua odowa, nikaisaga kwa chupa. Yule mama muuzaji aliuliza mke wangu ana miezi mingapi. Nikasema ni ya kwangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nakala ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa imepindapinda. Yangu imenyooka, vyumba vyote vinalingana, kwa sababu nilitumia rula.

Halafu nikawaza: mbona niishie hapo? Kiota cha jana kilikuwa kitupu. Changu kinaweza kuwa na buibui ndani! Nikakusanya kumi na mmoja: saba chooni, watatu stoo, mmoja nyuma ya picha ya harusi yetu. Tatizo likawa moja. Buibui wa nyigu hatembei. Wangu walikuwa wanatembea sana.

Ndipo akili iliponijia. Nilishuka ufuoni kwa Wakhisi, anayehifadhi samaki kwenye sanduku la barafu. Nikamwomba aniwekee kichupa changu katikati ya mbuta zake kwa saa moja. Akauliza kuna nini ndani. Nikasema dawa. Kilipotoka, buibui wote kumi na mmoja walikuwa wametulia, miguu imekunjwa, kimya kama maiti wa heshima. Nikawapanga vyumbani haraka, nikaziba, nikakausha kwa kupepea. Kisha nikakirudisha chote kwa Wakhisi, kilale kwenye barafu mpaka kesho.

Kesho, daftari langu. Kesho naandikwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, kwa heshima ya ukweli, ambao leo umenitembelea bila kuniarifu.

Tulikutana kwenye banda la samaki, pale ambapo nyigu hujenga chini ya mabati na kuchota tope ukingoni mwa maji. Kundi zima lilikuja, hata wale wa chai. Dakta Nasike ni mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, buti za mvua na wavu mweupe begani. Perez alikuja na mihogo ya kuchemsha, na Celestine akaja naye taratibu kunyoosha miguu kidogo. Wakaketi nyuma juu ya kreti.

Ndirangu alitangulia. Picha mia mbili na kumi na nne. Dakta alizisifu, akamwomba aonyeshe Mvamizi ni yupi. Ndirangu akaonyesha mmoja ambaye hakuwa na manjano hata kidogo. Dakta akaikuza ile picha, akasema huyu ni Mjenzi aliyepakaa tope mpaka magotini. Wote mia mbili na kumi na nne ni Mjenzi. Nilimpa Ndirangu pole. Naamini sauti yangu ilikuwa ya huzuni.

Kisha nikaleta kisanduku changu. Nikafunua. Watu wakasogea. Dakta alikigeuza kiota mara mbili na kusema, polepole, kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona kama hiki. Nilitaka kulia. Nikasema ni kazi ya Mungu. Akasema Mungu ana kidole gumba kikubwa, akanionyesha alama yake chini.

Nikaanza kueleza habari ya unyevunyevu. Wakati naeleza, jua lilikuwa juu ya ubao wangu. Dakta akachukua sindano akafungua chumba cha kwanza. Buibui alikuwemo, amekunja miguu. Wanachama wakasema "aah." Kisha buibui akakunjua mguu mmoja. Akakunjua wa pili. Akakaa kitako kama mtu aliyeamshwa na simu, akatutazama, akatoka.

Wakatoka wote kumi na mmoja, maana Dakta alipojaribu kuufunga mlango wa kwanza, wengine walishapasua milango yao. Mmoja alipanda mkono wa Mwalimu Lorna. Ndirangu, mtu wa kilo tisini, alikuwa juu ya meza ya samaki kabla sijamwona akiondoka chini. Wakhisi, aliyekuwa kando, aliuliza kwa sauti kama ile ndiyo dawa niliyoilaza na mbuta zake.

Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ndivyo mtu afanyavyo. Dakta hakucheka. Alinivuta kando akasema, "Mzee, kama ningekuamini, hiki kingeingia kabatini Nairobi. Miaka hamsini ijayo mtu angekisoma na kuamini uongo kuhusu ufuo wako. Na jina lako lingekuwa juu yake." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali.

Ndipo Lorna akasema basi, tutazame nyigu wenyewe ukutani, labda wako wote wawili. Tukatazama. Walikuwa wanaruka kivulini chini ya mabati, weusi watupu, wepesi. Tisa sisi, macho kumi na manane, hakuna aliyejua yupi ni yupi. 

Hapo nikamsikia Celestine akimwambia Perez kwa sauti ya chini, akitafuna mhogo, "Mama, huyo aliyeingia ni wa kujenga. Na huyo mwingine kona ile ni mwizi."

Dakta aligeuka. Akamwuliza amejuaje. Celestine aliinamisha kichwa, maana mimi nilikuwa hapo. Perez akamwambia sema tu, Nyar Muhoroni, huyu mzee leo hana la kukuzuia. Basi akasema. Chumbani kwake dirisha ni dogo, rangi haionekani. Yeye huwasikiliza. Wa kujenga huimba: akichota tope na akilibandika, hunguruma kama mashine ya unga ya posho mill iliyo mbali. Mwizi haimbi. Huja kimya na tone la maji mdomoni, hukaa penye ukuta mkavu, anangoja ulowe, anaanza kubandua. Wiki saba amewasikiliza, hana kazi nyingine.

Dakta akamgeuza Celestine, mgongo ukielekea ukutani. Akamwambia asikilize tu. Nyigu akaingia. "Wa kujenga," Celestine akasema. Dakta akamnasa kwa wavu, akamtoa juani: manjano miguuni. Mwingine. "Wa kujenga." Manjano. Kisha mwingine akaja na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kitu, Celestine akangoja, akangoja, akasema, "Huyu sasa." Dakta akamtoa juani, na jamani, ile bluu! Kama wino mpya. Kama kitu kilichokuwa kimefichwa mfukoni mwa mbingu. Watu wote tulipumua kwa pamoja.

Saba kati ya saba. Ndirangu alivua kofia, akiwa bado juu ya meza.

Lenzi, daftari lenye jalada gumu, yote akapewa yeye. Dakta aliandika mbele yetu sote: Mjenzi na Mvamizi, wote wawili, ufuo wa Kisumu, na jina: Celestine. Nilimtazama akilitazama lile jina. Hakutabasamu. Alipitisha kidole juu yake, mara moja, kama mtu anayehakikisha wino umekauka. Mimi macho yalinitoka maji. Pale bandani kuna moshi.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimetulia. Nimejipima mbele ya Mungu na nimeona makosa yangu. Nayaandika ili nisiyasahau. Sitatengeneza kiota tena. Sitatangaza kabla sijauliza. Na nitasikiliza wanawake wa nyumba hii, ambao wameona mengi wakati mimi natafuta pa kuonekana.

Kanisani pasta aliipongeza familia yetu kwa heshima tuliyopata. Akaomba aliyeipata asimame. Celestine ana mimba, kusimama kwake huchukua muda. Kwa hiyo nikasimama mimi, nimsaidie. Kwa kuwa nilikuwa nimesimama, nilisema machache. Perez anasema yalikuwa dakika kumi na saba. Nilieleza jinsi kipaji cha mkaza mwanangu kilivyoanzia kwenye tope nililolikoroga kwa mikono yangu. Ni kweli nyigu wale walitoka pale. Huenda.

Baadaye Ndirangu alinishika mkono nje. Akasema hotuba nzuri. Akauliza yule mwizi wa kimya kimya ni yupi tena.

Jumatano, 19 Machi

Mambo yamefunguka upya! 

Nimefikiri sana. Celestine anajifungua Mei. Atakuwa na mtoto mkononi. Nani atazunguka ufuoni? Mwangalizi anahitaji Mwangalizi wa Nje. Jana nilimwandikia Dakta Nasike barua ndefu ya unyenyekevu, nikaipiga chapa na kuitolea nakala tatu, kisha nikaipiga picha nakala moja na kumtumia kwenye simu. Leo asubuhi amejibu. Hakukataa! Anasema nimtumie picha ya nyigu mmoja tu niliyemwona mimi mwenyewe, kwa uaminifu, nimtaje ni yupi. Nikiwa sahihi, nitakuwa msaidizi wa Celestine, na jina langu litakuwa chini ya lake.

Saa tano nikampata. Ametua kwenye mlango wa choo, ule ambao haujarekebishwa, juani kabisa, hakukimbia. Mistari ya manjano, kiuno chembamba, mtulivu. Niliinama nikasikiliza: haimbi. Kimya kabisa. Mvamizi! Nikapiga picha kwa simu, nikavua miwani nikapiga tena.

Nimekumbuka ahadi ya Jumapili. Nikamwita Perez kwanza, nimwulize. Akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema huyo ni nzi. Nikacheka. Akasema Celestine amemfundisha: nyigu ana mabawa manne, kwa huyu yeye anaona mawili tu.

Nikamwambia mengine mawili yako upande wa pili. Nimeshaituma.